Mafuta ya Nazi kwenye Mipira ya Mzee Randu

Garama aliunusa mpira wa hewa, akafumba macho, akamwomba Mungu subira. Mafuta ya nazi! Miezi yote hiyo alikuwa akimshuku baba mkwe wake, Mzee Randu, kuwa anaianika juani regulata yake, chombo chake cha kupumulia majini, kumbe jua la watu halina kosa lolote.

Garama ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo vya kupumulia katika kampuni moja ndogo ya wapiga mbizi hapo Diani, na hakuna chombo kilichomchosha kama hicho. Kilikuwa cha zamani, cha mipira miwili: mmoja huleta hewa kinywani kutoka kwenye kopo la shaba linalokaa kisogoni, wa pili huirudisha pumzi nyuma. Mzungu mmoja alimwachia Mzee Randu alipohama, na tangu hapo mzee, ambaye kazi yake ni kukagua minyororo ya maboya ya mashua za watalii, hataki kusikia habari ya kingine.

"Hivi vyenu vya kisasa mapovu yake hutokota masikioni kama chungu cha maharagwe," husema. "Changu kimya." Na Mzee Randu akishasema, amesema.

Basi Garama akawa mtumwa wa kile kidude. Alikisugua shaba kwa ndimu, alikikatia raba mpya ya ndani, aliwabembeleza wageni wamletee mipira kutoka kwao Ulaya. Mipira ikija mizuri, mikavu. Haupiti muda, imevimba na inanata vidoleni. Sasa amejua kwa nini. Mafuta hula raba.

Na mpakaji ni nani? Mama Kadzo, mama mkwe wake, ambaye nyumbani kwake Kinondo hakisalimiki kitu: vichwa vya wajukuu, magoti yake mwenyewe, bawaba za mlango, vyote hupakwa mafuta ya nazi. Hapo ndipo Garama alipokwama. Baba mkwe unaweza kubishana naye kidogo. Lakini mama mkwe, kwa malezi aliyolelewa Garama, humtazami usoni, humkosoi, wala huketi naye mkeka mmoja. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mkeo.

"Kadzo, mwambie mamako aache kuipaka mafuta ile mipira. Itampasukia baba majini."

"Nitamwambia."

Akamwambia kweli, ila Kadzo naye hajui kumfikishia mamake neno kavu. "Mama, Garama anashukuru sana unavyoitunza ile mipira. Anasema tu usijisumbue."

Mama Kadzo alifurahi kupata mkwe mwenye shukrani. Akazidisha mafuta.

Garama alipopata habari alikaribia kutafuna bisibisi. Akamkimbilia mzee ufuoni. "Baba, nakuomba, leo usizame. Mpira umeoza."

"Nimezama na hiki wewe hujazaliwa," mzee akajibu, huku anajifunga silinda.

Garama angefanya nini? Alivaa yake, akamfuata. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha lakini maji bado yalikuwa machafu, na walipofika kwenye mnyororo wa boya mpira ukachanika pale pale penye kibano. Mzee akameza maji ya chumvi. Macho yalimtoka. Garama alimkamata mkono, akamtia kinywani kipumulio chake cha akiba, wakapanda juu pamoja polepole.

"Hicho chako kelele tupu," mzee alisema alipoweza kusema, kisha akaanza kukohoa upya.

Mama Kadzo na bintiye walikuwa mchangani wameleta chakula. Garama alipomwona mama mkwe wake mori ulimpanda, adabu yote ikamtoka.

"Mama! Usiipake mafuta ile mipira! Yanaila! Nusura tumpoteze baba!"

Kadzo akaziba mdomo. Mama Kadzo alimtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Umelijua lini hilo?"

"Siku nyingi, mama."

"Na ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

Mama Kadzo aligeuka kumwangalia mumewe, aliyekuwa amepiga magoti mchangani anatapika maji. "Heshima yako," akasema, "leo ingenikalisha eda."

Garama alipopata mpira mwingine alimwambia Kadzo amwelekeze mamake: aioshe mipira kwa maji baridi, aikaushe kivulini, aipake poda ya watoto kidogo.

Ijumaa Mama Kadzo akaja mwenyewe, anatabasamu, ameipakata regulata mikononi. Mipira ilikuwa myeupe pe. Alipoiinamisha, poda ikamwagika kutoka ndani.

"Na ndani nimeijaza, mwanangu. Tele."

Garama alivuta pumzi. Alimtafuta Kadzo kwa macho. Kadzo alikuwa kisimani.

"Shikamoo, mama," akasema. Akatandika mkeka, akamkaribisha, kisha naye akaketi juu ya mkeka huo huo.