Tovuti Isiyo na Kitabu

Mapenzi ya utu uzimani nayo yana vituko vyake. Fundi wa mafriji, mtu mwenye wajukuu, alikaa wiki nzima nyuma ya karakana yake akijifunza kutengeneza tovuti kwa video za kwenye simu, na mafriji ya watu yakamngoja milango wazi kama wagonjwa kwa daktari wa meno. Mkewe, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa ameandika riwaya na kuichapisha mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili. Walimu wenzake wa zamani walimwalika aje Jumamosi kuizungumzia, wakauliza wapi wataiona mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Mwalimu akamgeukia mumewe akasema, "Kazi hiyo naitaka kwako." Fundi akavimba kichwa, hata hakuuliza tovuti ni mnyama gani.

Alipoimaliza, mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, mshonaji mwenye ulimi usiojua breki. Alikuwa amepita karakana kuulizia friji lake. Fundi akafuta mikono, akampa simu, akasimama kando kama anayesubiri pongezi.

Kwanza ulilipuka wimbo wa tarumbeta hadi mpita njia akageuka. Kisha zikaja picha: Mwalimu akipokea cheti, Mwalimu siku ya harusi, Mwalimu na mjukuu wa kwanza, Mwalimu amekaa bustanini. Baada ya hapo historia ya maisha yake tangu kuzaliwa hadi kung'olewa jino mwaka jana.

"Shemeji," mshonaji akasema, "hii ni tovuti ya mwandishi au kadi ya harusi?"

"Kwani mwandishi humwoni hapo?"

"Namwona. Na wewe nakuona, umo katika kila picha. Mwenye kitabu ni nani hasa? Na hicho kitabu kiko wapi?"

"Shuka chini."

Akasukuma kwa kidole, akasukuma, akasukuma. Huko mwisho kabisa akakuta jalada dogo kama stempu, na chini yake maneno haya: *Kitabu hiki ni kizuri sana. Kila mtu akisome.*

"Basi?"

"Basi nini tena?"

"Kinahusu nini? Mtu anakipataje? Akitaka kumwuliza Dada swali, amwandikie wapi? Msomaji kaja kama mteja dukani, wewe unamfungulia albamu ya familia mpaka miguu inamuuma! Hebu niambie mimi basi, hapa hapa, kinahusu nini?"

Fundi akainama kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

"Yarabi! Hujakisoma!"

"Nakisoma polepole. Kizuri hakipapiwi."

"Polepole gani, na kitabu kimetoka tangu mwanzo wa mwaka? Haya, mimi simo. Lakini Jumamosi dada yangu atasimama mbele za watu, na hii ndiyo itakayomtangulia. Usimwaibishe." Akaenda zake, hata friji lake akasahau kuliulizia.

Sasa ngoja tuseme kweli, maana Fundi mwenyewe hakuthubutu kuisema. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameusoma. Humo aliingia karani wa posta, mrefu, nadhifu, anapiga mluzi mtamu, na msichana dirishani moyo ukamwenda mbio. Fundi aliufahamu mluzi ule. Mtaa mzima wa ujana wao uliufahamu. Mwenyewe walimwita Mrefu, na kila mtu alijua ndiye atakayemwoa Mwalimu. Ilikuwaje Mwalimu akamwacha na kumkubali Fundi, mfupi, mikono inanuka grisi, Fundi hakuwahi kuuliza. Mwenye bahati haulizi. Lakini leo, baada ya miaka yote hiyo na watoto na wajukuu, mke anastaafu, anakaa kitako kuandika kitabu, na wa kwanza kukaribishwa ndani ni Mrefu! Fundi aliumia. Aliogopa akifunua kurasa zaidi atajua kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kuzibia pengo. Ndiyo maana aliijaza tovuti harusi na wajukuu. Alikuwa anajitetea.

Lakini lisilobudi hutendwa. Kesho yake asubuhi aliegesha mlango wa karakana, akakaa juu ya kreti, akafungua kitabu.

Mrefu akapiga mluzi. Mrefu akaleta barua kwa mkono wake mwenyewe. Wivu ukampanda Fundi hadi masikioni, na ilipofika katikati wakaoana, alikaribia kukitupa kitabu ndani ya friji bovu. Hakukitupa, kwa sababu Mwalimu alijua kumshika mtu. Baada ya sura nzima Fundi akagundua kuwa amesahau kukasirika.

Maana Mrefu hakuwa mume mbaya. Hakupiga, hakulewa. Alirudi nyumbani, akasimulia habari zake, akapiga mluzi, akalala. Kuna siku mke alikaa mezani mkono umefungwa bandeji, na bwana akamwuliza chumvi iko wapi. Hapo Fundi alicheka kwa sauti, peke yake kama mwehu, kisha kicheko kikamkauka. Mwishoni yule mama, mvi zimemjaa, anamimina chai vikombe viwili, anakaa, kisha chai ya kimoja anairudisha kwenye chupa. Fundi akajifuta macho kwa kitambaa cha kazi, akajipaka grisi uso mzima.

Bado kulikuwa na jambo lililomkaba. Alijitafuta. Kitabuni hamkuwa na mtu mfupi wala fundi wa aina yoyote. Hata paka wa jirani alikuwamo, yeye hakuwamo.

Hata hivyo kazi ni kazi. Aliuzima wimbo. Akaziondoa picha zote, akabakiza moja tu, Mwalimu akicheka, hakuna mtu pembeni. Jalada akalipandisha juu kabisa, kubwa, na chini yake akaandika: *Msichana alimpenda mwanamume mwenye mluzi mtamu, akampata. Hiki ni kisa cha alichokipata.* Kisha akaweka sura ya kwanza mtu aionje, mahali pa kukipata kitabu, na anwani ya kumwandikia mwandishi. Akaishia hapo.

Jioni Mwalimu aliisoma amesimama mlangoni pa jikoni, miwani puani. Alikawia sana kwenye yale maneno mawili matatu.

"Umekisoma," akasema.

"Nimekisoma. Chote, leo."

Akavuta pumzi, akakaa. "Binti yetu alitaka kuitengeneza tovuti hii kwa siku moja tu. Nikamkatalia. Nilijua mtu hawezi kunadi asichokijua, mwisho utakifungua. Kila nikikuuliza umefika wapi, ukanijibu kizuri, kizuri. Uliniumiza, wewe bwana."

"Nisamehe. Lakini na mimi nimeumia. Mrefu nimemkuta mlangoni kabisa, kakaribishwa. Mimi nimejitafuta hadi jalada la nyuma. Simo!"

Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeelewa kila kitu isipokuwa swali.

"Ningekutia wapi, mume wangu? Ukiingia wewe tu, yule mama hayuko peke yake tena, na hadithi imekwisha."

Fundi akasogeza kiti karibu, akamwuliza Jumamosi anadhani ataanzia wapi, na Mwalimu akaanza kumweleza.