Nguzo Nne za Mlangoni

Shemeji aliweka laptopu juu ya michoro ya Mama Rula bila hata samahani, akabonyeza, akakunja mikono. Dakika tatu hazikwisha. Programu ilisoma faili la injinia aliyesanifu jengo, ikatoa hesabu ya zege na nondo zote za ghorofa tano.

Mama Rula, mkadiriaji wa vifaa vya ujenzi katika ofisi ile kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ametumia siku nne kwa kazi hiyohiyo. Jina walimpa kwa sababu rula haikumtoka mkononi. Kila alichokwisha kukihesabu alikipaka penseli ya rangi, nguzo nyekundu, mihimili kijani, asije akakirudia. Na huyu shemeji, mume wa mdogo wake, Mama Rula ndiye aliyemwombea kazi hapa, akamfundisha kusoma mchoro toka sifuri.

"Programu ina nguzo arobaini na nne," shemeji alimwambia bosi. "Shemeji yangu ana arobaini. Macho hayo. Si kosa lake, ni umri."

Bosi alisema hataki ugomvi wa ukoo ofisini kwake. Kazi ya mkadiriaji ni ya mtu mmoja. Atakayeonekana amekosea, afungashe leo.

Mama Rula hakumtazama shemeji. Alimwomba bosi ampigie injinia, na simu aiweke mezani wote wasikie. Yeye siku zote alianzia chini, kwenye karatasi ya misingi, ndipo apande. Nguzo nne za mlangoni alizikuta juu, lakini chini yake hakukuwa na msingi wowote. Hakuzipaka rangi.

"Zile za mlangoni?" injinia alicheka kwenye simu. "Nilizichomeka tu ili hesabu zangu zisigome, nikasahau kuzifuta. Hazijengwi hizo."

Shemeji aliharakisha kusema programu haikukosea, imesoma ilichopewa. Bosi akaitikia upesi mno. Akamwagiza Mama Rula akae na shemeji, amweleze kila anachokiangalia, kiingizwe kwenye programu. Habari ya kufungasha hakuigusa tena.

Mama Rula alielewa. Akishamwaga yote anayoyajua, kesho ataonyeshwa mlango.

"Ulisema aliyekosea afungashe," alisema. "Sijaona mtu akifungasha kitu."

Bosi alimwambia asilete maneno.

"Basi andika kwamba hakuna makadirio yatakayotoka hapa bila sahihi yangu. Ndipo nimfundishe."

Zabuni ya jengo hilo ilikuwa inafungwa saa kumi, hesabu pekee iliyo sahihi ilikuwa ya Mama Rula, na saa ya ukutani ilionyesha nane na robo. Bosi aliandika, kalamu ikikwaruza kana kwamba karatasi imemtukana, akagonga mhuri, akatoka.

Mama Rula alisoma mara mbili, akakunja, akatia kwenye mkoba.

"Haya, mwalimu," shemeji alisema. "Tunaanza na nini?"

"Karatasi ya misingi. Ilete."

Shemeji aligeukia laptopu.

"Ya karatasi, baba."

Miaka miwili ofisini, hakujua inakaa wapi. Alifungua kabati la kwanza, vumbi likamwingia puani. Akafungua la pili. La tatu lilikwama, akalivuta huku mguu ameukita ukutani, jasho likimtoka. Mama Rula alichonga penseli nyekundu polepole. Karatasi ilikuwa chini ya kiwiko chake.