Karatasi Tatu za Njano

Asubuhi ile niliikuta juu ya mchoro wangu, nyepesi kama ganda la kitunguu: karatasi ya njano. Shujaa amesimama wima, kidevu mbele, mkono mmoja hewani, na kwenye kiganja cha mkono huo mtoto mchanga ameinuliwa kama kombe la mpira.

Katika kazi yetu mkuu wa michoro hagombezi mtu. Anatandika karatasi ya njano juu ya ulichochora, anachora upya, basi. Mchoro wako unauona chini yake, umefifia kama mtu aliyezama. Unatakiwa uinamishe kichwa, useme ahsante, ufuate mistari yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesema ahsante.

Studio ilikuwa mtaa wa Nerima, juu ya duka la tofu, ile jibini ya soya, na mwaka ule tulikuwa tunatengeneza filamu ya katuni ya shujaa mmoja wa Kimarekani, kutoka kwenye vile vitabu vyao vya picha. Mabega yake hayakuenea kwenye karatasi zetu, tukampa jina Bwana Mabega. Wenye hakimiliki kule Marekani walituletea kitabu kinene cha masharti. Shujaa halii. Shujaa hapigi magoti. Shujaa hainamishi kichwa. Sisi, watu wa kuinamiana hata kwenye simu, tulilicheka hilo la mwisho wiki nzima, kisha tukalitii.

Kipande cha 214 kilikuwa changu. Sekunde sita. Jengo limeanguka, Bwana Mabega anatoka kwenye vumbi na mtoto wa wiki tatu. Mpango wa picha ulitaka amwinue juu kwa mkono mmoja, kama kwenye jalada la toleo lake la kwanza.

Mimi nilisoma sekondari kwa masomo ya jioni. Mchana nilikuwa kiwandani nafungasha maandazi ya nyama, na mlango wa mashine ukanivunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kikapona kimepinda. Mwalimu wetu wa kuchora, mama mmoja aliyevaa viatu vya mvua hata jua likiwaka, alikuwa akituambia, "Usichore kitu. Chora uzito wake."

Uzito wa mtoto wa wiki tatu naujua. Uko kichwani. Binti yangu Kotoha alikuwa na miezi kumi na mmoja wakati huo, na sijasahau siku ya pili hospitalini, nilipomnyanyua ovyo na muuguzi akaudaka mkono wangu kabla sijajua nimekosea nini. Hajakaza shingo, akaniambia. Jasho lile bado nalisikia mgongoni.

Basi nikasimamisha kioo mezani, nikakunja taulo likawa mtoto, nikachora mikono yangu mwenyewe: mmoja chini ya makalio, mwingine kwenye kisogo. Na ukimshika mtoto hivyo, kichwa chako kinainama chenyewe. Huwezi kufanya vingine. Bwana Mabega akainama.

Ikaja karatasi ya njano ya kwanza. Nikachora vilevile. Ikaja ya pili. Nikachora vilevile. Ilipokuja ya tatu sikukaa kitini. Niliibeba mpaka kwenye meza ya Kurahashi-san, mkuu wetu wa michoro, watu wote wakitazama.

"Kurahashi-san, mtoto huyu atakufa."

Nyuma yangu mtu akachekea puani. "Bibi Saa Kumi na Moja leo kaamka vibaya."

Ndilo jina walilonipa, kwa sababu saa kumi na moja jioni nilikuwa natoka kumchukua Kotoha kituo cha watoto, wao wakibaki kuchora mpaka walale chini ya meza.

Kurahashi-san hakuacha kuchora. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mkono ambao sote tuliuonea wivu. "Tokoro-san," akasema taratibu, "wewe unachora mama. Hapa hatuchori mama. Tunachora shujaa."

"Shujaa gani anayemvunja shingo aliyemwokoa?"

"Ni mchoro tu."

"Binti yako alikaza shingo akiwa na umri gani?"

Penseli ikasimama. Nilikuwa nimevuka mpaka, najua. Mkubwa wako humuulizi mambo ya nyumbani kwake mbele za watu.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sikuwepo nyumbani. Nilikuwa hapa."

Nilidhani amenielewa. Kesho yake kipande cha 214 kilikuwa kimepewa mtu mwingine, pamoja na michoro yangu yote, na ulipofika mwezi wa tatu mkataba wangu haukuendelea. Nilichobaki nacho ni zile karatasi tatu. Nilizikuta ndani ya mkoba, wala sikumbuki nilizitia saa ngapi.

Filamu niliiona mchana mmoja wa mvua, Kotoha amenilalia mapajani. Vumbi likapasuka. Bwana Mabega akatoka, mikono miwili, mmoja kwenye kisogo, kichwa kimeinama. Na ndani ya glavu ya mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda.

Kwetu hakuna anayenyanyuka kabla majina ya waliofanya kazi hayajaisha kupita. Nilisoma yote. Langu halikuwemo.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni jarida la filamu nililolikuta kwa daktari wa meno wiki chache baadaye, picha ya Kurahashi-san ukurasa mzima. Wamarekani walikataa, alisema, lakini yeye akashikilia. Mwandishi akamuuliza wazo la kumwinamisha shujaa kichwa lilimjia vipi.

"Niliwaza kama baba," alijibu.

Kama baba. Msaidizi wa daktari aliniita mara tatu, nami nimelikodolea macho neno lile. Angesema ni kazi ya studio nzima, ningemsamehe nusu. Angesema amesahau, ningemsamehe yote, maana watu wasiolala husahau. Lakini alichukua kitu kilekile alichokiri mbele yangu kwamba hana, akakivaa kama koti na kupigiwa picha. Ni miaka mitano sasa, na hasira ile haijakaza shingo. Bado naibeba kwa mikono miwili.

Siku hizi nachorea nyumbani, vitabu vya watoto, na jina langu liko kwenye jalada. Jumapili iliyopita Kotoha, ambaye ana miaka saba, alikuwa anapekua droo yangu akitafuta karatasi. Akazitoa zile tatu, akazitandaza sakafuni. Mwezi uliopita dada yangu alijifungua, na Kotoha amefundishwa kupakata mtoto, somo analolichukulia kwa uzito mkubwa.

"Mama, huyu mbona kambeba hivi? Na shingo?"

"Ndivyo alivyochorwa."

"Kachora nani?"

"Baba mmoja."

Akaziangalia zote tatu, moja baada ya nyingine, amekunja uso. Kisha akaninyooshea kiganja bila kuinua macho.

"Kifutio."

Nikampa kile kipya.