Breki ya Lifti

Lornah alikuwa amepiga magoti katika chumba cha mashine, juu ya jengo la ghorofa kumi na mbili katikati ya Nairobi, macho yake kwenye skrini ya mtambo unaoendesha lifti. Mtambo uliamuru isimame. Lifti ikateleza inchi nne kabla ya kutii, ingawa haikuwa na mtu ndani.

Tangu asubuhi alikuwa akitafuta ubovu ulipojificha. Alipima mota, nzima. Akabadilisha kifaa kinachopima mwendo, hitilafu ikabaki ile ile. Kamba za chuma hazikuwa na neno. Alipofungua breki, akakuta pedi zimelika hadi kwenye chuma. Akazima umeme, akafunga swichi kwa kufuli.

Nzioka, meneja wa jengo, hakukawia kupanda.

"Nani amekwambia uzime?"

"Breki imeisha, boss. Ingine itafika wiki ijayo."

"Wiki? Na wagonjwa wa kliniki hapo ghorofa ya tisa? Mwenye jengo ashapiga simu mara mbili kutoka Spring Valley. Hiyo taa nyekundu ya hitilafu kwa mtambo haiwezi kutolewa?"

"Taa inaweza kutolewa. Breki itabaki vile iko."

Nzioka akampigia Musili, mwajiri wa Lornah, kisha akamnyooshea fundi simu.

"Lornah," Musili alisema kwa upole, "mkataba wako unaisha Ijumaa, sivyo? Nataka kuuongeza. Nisaidie nikusaidie."

Mwaka jana mwenzake, Fidel, aliandika ripoti kuhusu lifti kama hii. Siku hizi anauza vifuniko vya simu kando ya barabara, na hakuna kampuni ya lifti inayopokea simu yake.

Lornah akafungua kufuli. Akaunganisha kipande cha waya nyuma ya mtambo ili usiisikie tena hitilafu ya breki, akawasha umeme. Taa nyekundu ikazimika.

Chini, alikoshuka na Nzioka, watu walisita mlangoni mwa lifti.

"Ingieni!" Nzioka aliwaambia. "Fundi mwenyewe anapanda na nyinyi. Kama ni mbaya, angepanda?"

Mama mmoja mwenye bendeji mguuni akamgeukia Lornah. "Iko sawa kweli, msichana wangu?"

Nzioka alikuwa akimtazama.

"Ingia, mama."

Wakajaa hadi mabega yakabanana. Mtu mmoja akasogea ili kumpa Nzioka nafasi, lakini yeye akatikisa kichwa.

"Mimi nachukua ngazi. Daktari amesema nifanye mazoezi."

Milango ikafungwa. Lifti ikaanza kupanda, na yule mama akamshika Lornah mkono, akaanza kumshukuru.