Kitovu Bado Kuanguka

Mama Brigitte, jirani wetu wa nyumba ya pili hapa ku kambi ya mugodi, anasema kule Kipushi kulikuwa mwanamuke mumoja alitosha mutoto inje, kitovu bado kuanguka. Mupepo ikaingia mu tumbo ya mutoto, na jua halijashuka akafa. Jina la ule mwanamuke, Mama Brigitte halijui. Lakini alikuja kuelezea ile habari asubuhi mu masikio ya Mama Kasonde, mama wa Casimir, bwana wa dada yangu, na tangu pale mulango wetu haufunguke.

Dada yangu Albertine alizala siku tano zimepita. Iko mwezi wa kumi, mvua bado. Nyumba ni chumba kimoja cha matofali, juu ni manjanja tu, na saa saba ile bati inalia yenyewe sababu ya jua. Karibu na kitanda mbabula inawaka makala. Kwabo Mama Kasonde, kule Kasenga, mutoto muchanga anakaa na moto mpaka kitovu kianguke.

Tangu asubuhi naangalia kitambaa cha mutoto. Kikavu. Ziwa likiwa mu kinywa, analala tu. Pale laini pa kichwa pameingia ndani.

"Mama," nikamuambia Mama Kasonde, "mutoto hajakojoa tangu asubuhi."

"Atakojoa."

"Tutoshe mbabula inje."

"Weye Chileshe, ulizala bangapi?"

"Hata mumoja, Mama."

"Njo maana unajua mingi."

Albertine alicheka kidogo, kisha akafunga macho. Nguo ilimushika mugongoni kama ametoka mutoni. Nilichovya kitambaa mu maji, nikamupangusa mutoto shingo na makwapa. Mama Kasonde hakunikataza. Naye jasho lilikuwa linamutiririka, lakini alivuta kiti chake mpaka mulangoni, akakalia pale, mugongo ku mbao.

Nikamuuliza pole pole: "Kule Kasenga, nyumba mulizalia Casimir, juu ilikuwa nini?"

"Majani. Manjanja ingetoka wapi?"

"Mupepo haikupita mu majani?"

Akainua macho, akaangalia bati muda murefu.

"Ilikuwa inapita," akasema. "Usiku baridi ya muto ilikuwa inaingia. Njo maana ya moto."

Tukaangalia mbabula, sisi wawili. Chumba ni kidogo; akainama pale pale ku kiti, akafunika makala na majivu kwa mukono wake. Nilizani atasimama. Hakusimama.

"Mbele ya kuzala Casimir nilizika batoto babili," akasema. "Akitoka ku mugodi akute huyu amekufa, ataniuliza nani alifungua."

Mutoto akapanua kinywa, sauti haikutoka. Nilimubeba, nikamupeleka mpaka mbele ya kiti, aone ile midomo imekauka. Mama Kasonde alikuwa anaangalia majivu mu vidole vyake.

"Mama, tafazali. Toka mulangoni."