Gesi Ilisukuma Hewa, Wifi Akanyamaza

Mkemia alimpenda wifi yake kupita kiasi, tuseme ukweli. Ndiye aliyemwombea kazi kwenye maabara ya kiwanda, akamfundisha kila kifaa mpaka akakijua. Sasa mkuu wa maabara anastaafu, na wao wawili ndio wanaogombea kiti chake.

Bosi wa kiwanda akawapa jaribio moja: zinki ndani ya asidi, wapime joto linalotoka. Mkemia akachukua chombo cha chuma kinachofungwa kabisa. Wifi akachukua kikombe cha wazi. "Tupime kila mtu na chake, tuone tofauti," alisema wifi mwenyewe, kwa kinywa chake.

Majibu yakapishana kidogo. Chombo cha chuma kilitoa joto zaidi. Bosi akanuna.

"Zinki ile ile, asidi ile ile. Mmoja wenu kapika majibu."

"Hakuna aliyepika, bosi," Mkemia akasema, wala hakuwa na wasiwasi. "Kwenye chuma gesi haina pa kwenda, kwa hiyo joto lile ni badiliko zima la nishati ya ndani. Kwenye kikombe gesi inatoka, na ili itoke lazima iisukume hewa iliyo juu yake. Kusukuma ni kazi, na kazi hiyo inakula nishati kidogo. Joto linalobaki ndilo badiliko la enthalpia, yaani joto la jaribio la chombo kilicho wazi. Yote mawili ni sahihi. Muulize wifi, tuliongea jana."

Bosi akageuka. "Ni kweli?"

Wifi akaangalia kucha zake. "Hayo mimi siyajui, bosi. Mimi nilipima tu."

Lo! Mwanamke yule alisema vile macho makavu! Mkemia alisubiri acheke, aseme anatania. Hakucheka. Na bosi, ambaye kemia aliiacha shuleni, hakutaka maneno mengi. Kiti akapewa wifi. Mkemia akaambiwa arudishe koti na funguo, kiwanda hakitaki waongo.

Wifi alimkimbilia kwenye korido. "Usininunie, wifi yangu. Wewe huna mtoto, kazi ungeifanyia nini? Mimi nina watoto wa kaka yako wa kulisha."

Wale watoto, tangu kaka alipougua, aliyekuwa akiwalisha ni Mkemia, na yule mdogo humwita mama. Akageuka akatoka, maana angefungua mdomo angelia, na raha hiyo hakutaka kumpa.