Ganzi ya Kocha Tackett

Jumamosi ile wale wa Chuo cha Brandt walipotunyang'anya mchezo wa mpira wa kikapu tuliokuwa tumeshaushika mkononi, Bibi Fenwick alisimama juu ya kiti chake, mwanamke wa miaka themanini na ushee, akamtupia kocha wetu tusi ambalo mchungaji, aliyekaa safu ya nyuma yetu, ilibidi ajikoholeshe ili asilisikie.

Hakuna aliyemlaumu. Tulikuwa mbele kwa pointi kumi na mbili. Brandt wakaanza kutubana uwanja mzima, vijana wetu wakapaniki, mpira mmoja wakamrushia refa, mwingine wakamrushia muuza soda. Na Kocha Royce Tackett amesimama tu, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri nguo zake kwa dobi.

"Omba mapumziko!" ukumbi mzima ulipiga kelele. "Omba mapumziko, we kisiki!"

Kocha ana haki ya kuusimamisha mchezo mara kadhaa, awaite vijana, wanywe maji, awapange upya. Tackett alikuwa akirudi nyumbani na haki zake zote mfukoni, kana kwamba anajiwekea akiba ya uzeeni. Tukafungwa kwa pointi nne.

Mimi ni Darlene Voss. Namsaidia daktari wa meno wa hapa Cutler Fork, Gil Ostrander, na siku za mchezo tunakaa safu ya tatu nyuma ya benchi: mimi, daktari na Bibi Fenwick, ambaye marehemu mumewe aliichezea Nyumbu enzi za kaptula fupi. Ndiyo, timu yetu inaitwa Nyumbu. Chuo cha Pettibone kingeweza kuchagua simba au tai kama vyuo vya watu wenye akili zao. Kilichagua mnyama asiyezaa, mtoto wa punda na farasi, na kwa miaka mingi tumecheza kama jina letu.

Baada ya mchezo tulikwenda kwa Skeeter, kwenye mgahawa, kumjadili kocha. Hapa Indiana, jimbo la watu wa mpira wa kikapu, hilo si jambo la hiari. Skeeter alituletea mikate yetu ya nyama ya nguruwe, ile nyama iliyopondwa ikawa pana kuliko mkate wenyewe, na kabla hajaweka sahani mezani daktari alikuwa ameshaanza.

"Mwaka wa kwanza tulisema apewe muda. Mwaka wa pili tukasema apewe muda, ila afanye haraka. Huu wa tatu, nyie niambieni, mtu huyu amekua wapi?"

"Tumboni," alisema Bibi Fenwick.

"Ulinzi umekua," alisema Skeeter. "Mwaka juzi tulikuwa tunafungwa hata na upepo. Semeni ukweli."

"Na Birdsong je?" nikasema. Jalen Birdsong ndiye kijana wetu anayeongoza mchezo. "Alikuja hapa hajui mkono wa kushoto una kazi gani. Nani kamfundisha?"

"Mama yake," alijibu daktari. "Darlene, usimtetee. Kocha asiyeomba mapumziko ni sawa na mganga wa meno asiyesimamisha keekee mgonjwa akipiga mateke."

"Wewe husimamishi," nikamkumbusha.

"Ndiyo maana najua ninachosema."

Bibi Fenwick alimaliza kachumbari yake, akafuta mdomo. "Mimi namwona anakalia kuti kavu. Chuo kikimfukuza mwezi wa tatu, msimu ukiisha, mkewe nitampikia pai. Yeye mwenyewe atajijua."

Jumatatu asubuhi, hata sijavua koti, simu ya zahanati ikalia. Alikuwa Kocha Tackett. Jana yake, akitazama marudio ya mchezo ule ule, alikuwa anatafuna bisi, akauma punje ambayo haikupasuka. Gego limegawanyika pande mbili.

Nilipomwambia daktari, alifumba macho kama mtu aliyejibiwa maombi.

"Gil," nikasema, "usithubutu."

"Mimi? Mimi ni mtaalamu."

Mtaalamu alimlaza kocha kitini, akamdunga sindano mbili za ganzi, akamweka kipira cha kupanulia mdomo, kisha, alipohakikisha mtu wa watu hawezi kusema neno wala kukimbia, akavuta kigoda karibu.

"Sasa, kocha. Tuongee kuhusu Jumamosi."

Macho ya Tackett yalinigeukia mimi. Nikajishughulisha na mrija wa kufyonza mate.

Sijawahi kuona jino linalotengenezwa polepole vile. Daktari alichimba kidogo, akahutubu kidogo. Alimweleza kuhusu kubanwa uwanja mzima. Alimweleza habari za yule kijana mrefu anayekimbia kama amebeba friji. Alichora mpango wa mashambulizi hewani kwa kioo cha meno, na mate ya kocha yakanirukia kwenye miwani.

"Ukiona vijana wamechanganyikiwa, unaomba mapumziko. Si aibu. Unanielewa?"

"Aaagh," alisema kocha.

"Anakubali," daktari akaniambia.

Tulipomwinua, nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka kama pazia lililokatika kamba. Mate yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Alitutazama wote wawili kwa muda, akasema, "Afante, dakitali," akaenda zake moja kwa moja mazoezini.

Jumatano tulicheza na watu wa Saint Odo. Kipindi cha pili wakaanza kutukaribia, na vijana wetu wakaanza ile dansi yao ya kutafuta mpira waliokuwa wanao. Bibi Fenwick akashika kiti cha mbele yake, tayari kupanda juu ya kiti.

Tackett akaomba mapumziko.

Nadhani wengine walidhani amepata kiharusi. Vijana wakamzunguka, akapiga goti moja, akasema kitu kifupi, kifupi mno, kama mtu anayeagiza chai. Birdsong akaitikia kwa kichwa. Wakarudi, pasi mbili, kikapu. Wakakaba, wakapora, kikapu tena. Baadaye akaomba mapumziko mengine, na mengine. Tulishinda kwa pointi tisa, na mchungaji akanikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata Pasaka.

Daktari Ostrander hakushangilia. Alikaa tu, mikono juu ya tumbo, anatabasamu.

"Gil," nikasema. "Mambo ya kitini hubaki kitini."

"Sijasema kitu."

Lakini kwa Skeeter alisema. Hakutaja jino lipi, na alidhani hilo linatosha kulinda siri ya mgonjwa. "Mimi nilikaa naye," aliwaambia watu wa kaunta. "Nikamwambia mwanangu, sikiliza. Akanisikiliza. Mdomo wazi."

Basi ikawa balaa. Wiki iliyofuata zahanati iligeuka ofisi ya malalamiko. Tarishi alileta barua akasimama: mwambieni aache kumpanga yule mrefu. Mwanamke mmoja alikuja kusafishwa meno, akataka nimhakikishie kwamba daktari atazungumzia mitupo huru, maana wajukuu zake wanatupa vizuri zaidi. Mchungaji naye alipiga simu, akazunguka, akauliza afya yangu, halafu akasema ana wazo dogo tu kuhusu ulinzi. Na tulipomshinda mpinzani mwingine, kichwa cha daktari kikavimba hata nikaogopa kofia haitamtosha.

"Nimemkuza," alisema siku moja akinawa mikono. "Miaka mitatu chuo kizima kimeshindwa. Mimi, asubuhi moja."

"Anarudi Alhamisi kuwekewa kofia ya jino," nikamwambia. "Na mji wote unajua ulichosema. Unadhani yeye hajasikia?"

Alisimamisha mikono chini ya maji. Hilo hakuwa amelifikiria.

Alhamisi daktari alivaa tai. Tackett aliingia, akatusalimia vizuri, akakaa kitini, lakini daktari alipochukua sindano, kocha akaweka kiganja chake juu ya mdomo.

"Leo naanza mimi," alisema.

Daktari akairudisha sindano kwenye sinia.

"Nasikia wewe ndiye umenifundisha kazi."

"Watu wanaongea, kocha. Unajua mji mdogo..."

"Nilikuwa kwa Skeeter, daktari. Meza ya nyuma kabisa. Nilikuwa nakula supu."

Niligeuka ukutani ili nisicheke. Daktari alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Sikusikia hata neno moja siku ile," Tackett aliendelea. "Sindano zinanitisha tangu utotoni. Wewe ulikuwa unaongea, mimi nilikuwa nataja majina ya shangazi zangu wote kichwani, mmoja mmoja, nisizimie. Nina shangazi wengi. Uliponiinua nilikuwa nimeanza na binamu."

"Sasa mapumziko umeanzaje kuomba?" nikamuuliza. Nilikuwa nataka kujua kweli.

Aliangalia taa ya juu ambayo haikuwa imewashwa.

"Mazoezi ya siku ile," alisema. "Ulimi ulikuwa umekufa. Nikijaribu kueleza jambo, natema mate. Vijana wakaanza kucheka. Basi nikawa nasema maneno mawili, matatu, yale yanayoweza kutoka. 'Rudi nyuma.' 'Mpe Jalen.' 'Tulia.' Kwisha. Na wakacheza. Sijawahi kuona wakicheza hivyo. Mwisho Birdsong akanifuata, akaniambia, 'Kocha, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuelewa.'"

Daktari akalegeza tai.

"Alikuwa ananisifu," alisema Tackett. "Mtoto mzuri yule. Nikaenda kukaa ndani ya gari. Miaka mitatu, Darlene. Mwaka wa kwanza nilikuwa naomba mapumziko kila mara, mnakumbuka? Nawaita, nawamwagia kila kitu ninachokijua, wanarudi uwanjani wakiwa wabovu kuliko walivyotoka. Nilikuwa naona machoni mwao. Kama ng'ombe wanaangalia gari moshi. Nikasema basi, bora nisiwaite. Nikajikunjia mikono. Watu wakadhani nina kiburi."

"Kisiki," alisema daktari kwa sauti ndogo. "Tulisema kisiki."

"Nilisikia. Bibi yenu yule ana mapafu yenye nguvu."

Daktari alivuta kigoda akakaa. Niliona anatafuta neno la hekima, na nikaona halipati, nikamshukuru Mungu.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "kwa maana fulani, ni ganzi yangu."

Tackett alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika shavu lenye gego bovu. "Ndiyo, daktari. Ni ganzi yako. Haya, nidunge. Na ukinitajia yule kijana mrefu, kama mji mzima unavyofanya, nakung'ata."

Daktari alifanya kazi ile bila kusema neno. Ilichukua muda mfupi ajabu. Nilikuwa sijui kwamba anaweza.

Nitakuwa mwongo nikisema tulichukua ubingwa. Nyumbu ni nyumbu. Tulishinda michezo mingi kuliko tuliyopoteza, na hilo peke yake liliwafanya wazee wa hapa watilie shaka hesabu zao. Wapo waliosema bado afukuzwe, kwamba kikombe hakijaonekana. Daktari Ostrander ndiye aliyegombana nao kwa Skeeter, hadi akamwaga kahawa. Alipoulizwa tangu lini amekuwa wakili wa Tackett, alisema yeye ni mpenzi wa mpira, anapima mambo kwa utulivu. Bibi Fenwick alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Chuo kilimwongezea kocha miaka miwili.

Mchezo wa mwisho wa mashindano ya kanda ulikuwa dhidi ya Brandt, pale pale kwetu, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Tackett akaomba mapumziko. Akasema neno lake fupi. Vijana wakatoka, Birdsong akamtoka mlinzi wake kwa mkono wa kushoto, akabaki peke yake, wazi kabisa, mahali pazuri kuliko pote duniani. Alitupa. Mpira ulizunguka chuma cha kikapu mara moja, ukachungulia ndani, ukatokea upande wa pili.

Watu wa Brandt wakamiminika uwanjani. Sisi tulibaki tumesimama. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, sijui nani, na ukumbi wote ukafuata, hata mchungaji, hata mimi. Daktari alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Watu walipoanza kuondoka, Birdsong alikuwa bado ameketi sakafuni chini ya kile kikapu, amejifunika fulana usoni. Tackett alikwenda akiwa amevaa suti yake, akakaa chini kando yake, miguu ameinyoosha kama mtoto. Walikaa hivyo.

"Anamwambia nini?" aliuliza Bibi Fenwick, maana macho yake siku hizi hayafiki mbali.

"Hamwambii kitu," nikasema. "Wamekaa tu."

Alisikiliza kidogo, kana kwamba anaweza kuusikia ukimya ule katika kelele zote za Brandt. Kisha akachukua mkoba wake.

"Basi mnishike mkono," alisema. "Nje kuna barafu, na huyu Gil anatembea kama amelewa."